Kuhakiki ripoti ya tabianchi hakuhitaji uteuzi wa serikali

Watafiti wengi vijana hapa Tanga, wanaopima mikoko au kuhesabu samaki kwenye matumbawe, huamini kwamba ripoti za IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, ni za maprofesa walioteuliwa na serikali tu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Waandishi ndio hupendekezwa na serikali au mashirika waangalizi, kisha jopo likachagua. Wahakiki hawateuliwi. Rasimu inapofunguliwa, mtaalamu hujisajili mwenyewe mtandaoni, akaeleza ujuzi wake, akasoma na kutuma maoni akitaja ukurasa na mstari. Halipwi, wala hasafiri.

Na maoni hayo hayatupwi kapuni. Waandishi wanatakiwa kujibu kila hoja, na majibu huchapishwa ripoti ikishakamilika. Ripoti ya 2021 kuhusu sayansi ya tabianchi, yenye waandishi 234, ilipokea maoni zaidi ya 78,000. Sentensi ya jumla mno kuhusu mwambao wetu inaweza kurekebishwa na mtu anayeijua bahari ya Tanga, mradi alete ushahidi uliochapishwa.

Wakuu wa idara, nawasihi: mpeni kijana nafasi ya kuhakiki sura moja tu, ile inayogusa kazi yake.