Kinda aliye chini hajatupwa na mama yake

Katika kiangazi cha Uingereza, watembezi wenye darubini na kamera hukuta kinda ametulia kwenye nyasi, nao huamini kwamba ametupwa, tena kwamba akiguswa na binadamu mama yake atamkataa kwa sababu ya harufu. Imani zote mbili si sahihi. Makinda wengi wa ndege waimbao hutoka kiotani wakiwa wameshaota manyoya lakini hawajaweza kuruka vizuri, wakakaa siku kadhaa chini au vichakani huku wazazi wakiwaletea chakula, na kwa kawaida ndege hamwachi mwanawe kwa kuwa ameguswa. Kinachomzuia mzazi kurudi ni sisi wenyewe tunaosimama karibu kwa muda mrefu tukisubiri picha nzuri, ilhali kinda anashinda na njaa. Nami naliona hilo kuwa zito kuliko yote. Mpiga picha arudi nyuma, atumie lenzi ndefu, wala asikate matawi yanayoficha kiota. Kwa ndege wanaolindwa zaidi, kama mdiria, kuwasumbua kwa makusudi kiotani ni kosa chini ya sheria ya Uingereza ya kulinda wanyamapori ya mwaka 1981. Kinda asiye na manyoya ndiye wa kurudishwa kiotani, kikiwa kinafikika.