Je, wajua kwa nini furaha ni mizani mbovu ya kazi?

Kule Kituku, soko la ufukweni Goma, mashariki mwa Kongo, mizani ya betri ina kitufe kimoja ambacho mnunuzi wa sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hukitazama kwa jicho la pembeni. Muuzaji anaweka beseni tupu, namba inapanda. Anabonyeza, namba inarudi sifuri. Beseni halijaenda popote wala halijapungua uzito. Mizani ndiyo iliyoacha kulihesabu.

Kitufe hicho kinasaidia kujibu swali linalorudi kila watu wanapowajadili wafanyabiashara wakubwa: mtu aliyekwisha kupata fedha za kumtosha yeye na wajukuu, kwa nini anaamka kesho yake kuhangaika na shida za watu asiowajua, badala ya kukaa na furaha yake?

Jibu linalopendwa kwenye semina za ujasiriamali ni kwamba wakubwa walichagua mateso. Usilale, usicheke, sahau familia, ipo siku utakumbukwa. Jibu hili lina kasoro moja kubwa: mateso nayo hayapimi chochote. Anayesukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, lenye gurudumu lililokwama anatoka jasho kuliko wenzake wote, na mzigo wake ndio wa mwisho kufika.

Jibu la pili linajidai kuwa la kisayansi. Husemwa kwamba binadamu huzoea kila kitu, kwa hiyo kutafuta furaha ni kazi bure, na ushahidi unaotolewa ni utafiti wa mwaka 1978 wa Philip Brickman na wenzake wawili, uliofanyika Illinois, Marekani. Walihojiwa washindi 22 wa bahati nasibu, watu 22 wa kawaida, na watu 29 waliopooza kwa ajali. Inavyosimuliwa, mshindi na aliyepooza walikutwa na furaha sawa. Masimulizi haya yamezunguka mpaka yamekuwa kama methali, na wengi tumeyarudia bila kuufungua utafiti wenyewe.

Ukiufungua unakuta mengine. Kwenye kipimo cha 0 hadi 5, washindi walijipa wastani wa 4.00, watu wa kawaida 3.82, waliopooza 2.96. Waliopooza walikuwa na furaha pungufu, tena kwa pengo linaloonekana, ingawa hawakuzama chini kama wengi walivyotarajia. Kioja kiko upande wa pili. Washindi hawakuwazidi majirani zao kwa kiasi cha kutosha kusema si bahati tu ya hesabu, na vitu vidogo vya kila siku, kama kupiga soga na rafiki au kula kifungua kinywa, viliwapa raha pungufu kuliko vilivyowapa majirani hao. Watu 22 ni wachache, na hakuna aliyewapima kabla ya kushinda. Utafiti mkubwa zaidi, uliochapishwa mwaka 2020 kuhusu washindi zaidi ya 3,000 huko Sweden, uliona kwamba kuridhika na maisha kwa jumla kulibaki juu kwa zaidi ya miaka 10. Ila furaha ya kila siku ilisogea kidogo sana.

Kwa hiyo si kweli kwamba tunazoea kila kitu. Umaskini, maumivu na upweke havizoeleki kirahisi, na pesa hazipotei bure. Kinachozoeleka haraka ni ile hisia ya "nimefika".

Sasa turudi kwenye mizani. Mama mwenye kibanda cha unga anapata butiki ya matofali. Siku ya kwanza namba inapanda: ukuta, mlango wa chuma, kufuli. Baada ya wiki kadhaa kitufe kimejibonyeza chenyewe. Butiki ni beseni sasa, iko chini ya kila kitu lakini haisomeki tena. Ili namba ipande inabidi aongeze kitu juu yake, butiki ya pili au gari. Hakuna ubaya hapo. Ubaya unaanza pale anapoitumia namba hiyo kuamua mambo ya kazi, kwa sababu inampa habari za tofauti kati ya leo na jana, na uzito wote uliokwisha kubebwa haiuonyeshi. Siku mbaya baada ya mwaka mzuri itasomeka kama hasara. Siku ya kawaida baada ya mwezi wa njaa itasomeka kama ushindi.

Au mtazame mwendesha chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi. Kwenye mteremko upepo unampiga usoni, ule mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu unasaga gurudumu kama breki, na raha ipo, haina mjadala. Akifika tambarare ya lava raha inaisha na anaanza kusukuma. Akiipima kazi yake kwa upepo atasema nusu ya kwanza ilikuwa nzuri na nusu ya pili mbaya. Mama anayesubiri kabichi sokoni anahesabu magunia.

Ndiyo maana kuchagua matokeo kwa watu, au "impakti" kama inavyosemwa kwenye mikutano ya mashirika hapa Goma, si kuidharau furaha. Ni kuhamia kwenye mizani ambayo kitufe chake kiko mkononi mwa mtu mwingine.

Mfano ulio wazi ni Govindappa Venkataswamy, daktari wa macho wa Madurai, India. Alistaafu utumishi wa serikali mwaka 1976 akiwa na miaka 58, vidole vimepindwa na ugonjwa wa viungo, akafungua hospitali ya Aravind yenye vitanda 11. Hesabu aliyoifuata ilikuwa ya wagonjwa wa mtoto wa jicho waliorudi nyumbani wakiona, na hesabu hiyo ndiyo iliyoamua hata mpangilio wa chumba. Meza mbili zinawekwa sambamba. Daktari akimaliza mgonjwa wa meza ya kwanza, wa pili ameshaandaliwa na wauguzi, naye anageuka tu. Kisha lenzi za kupandikiza zikawa kikwazo, kwa kuwa zile za nje ziligharimu zaidi ya dola 100 kila moja. Mwaka 1992 wakaanzisha kiwanda chao, Aurolab, na bei ikashuka hadi karibu dola 10. Kama angekuwa anapima kwa raha ya upasuaji, asingekuwa na sababu ya kugusa habari ya viwanda.

Mo Ibrahim, ambaye kampuni yake ya Celtel wakazi wa Goma wa umri fulani wanaikumbuka kabla haijawa Zain na baadaye Airtel, aliianzisha mwaka 1998 na kuiuza mwaka 2005 kwa dola bilioni 3.4. Mwaka uliofuata alianzisha taasisi inayotoa tuzo kwa marais wa Afrika waliotawala vizuri na kuondoka madarakani kwa wakati. Miaka kadhaa kamati yake imetoka mikono mitupu, bila mshindi. Hiyo nayo ni namna ya kuheshimu mizani.

Lakini mizani ya watu wengine ina makali yake. Muhammad Yunus alianza mwaka 1976 kijijini Jobra, Bangladesh, kwa kuwakopesha watu 42 jumla ya dola 27. Grameen ikawa benki mwaka 1983, na tuzo ya Nobel ikaja mwaka 2006. Mwaka 2015 zikachapishwa kwa pamoja tafiti sita za mikopo midogo kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco, ambapo waliopata nafasi ya kukopa walilinganishwa na wasioipata. Faida ilionekana, ya wastani. Mapinduzi ya maisha hayakuonekana. Na tukumbuke kwamba hawa ni wale waliofanikiwa. Waliofuata matokeo kwa watu wakafilisika hawaalikwi kwenye semina, kwa hiyo hatuwezi kudai kwamba njia hii ndiyo iliyowafikisha hawa.

Kwa mfanyabiashara wa Goma, upimaji unafanyika hivi. Tuseme unatengeneza mbabula, yaani majiko ya mkaa, zinazodaiwa kupunguza makala, yaani huo mkaa. Idadi ya ulizouza inakufurahisha, lakini haisemi lolote kuhusu jikoni. Tafuta kaya 40 zinazotaka mbabula, piga kura ya bahati, 20 zipate sasa na 20 zisubiri mwezi. Kura ni lazima, kwa sababu anayekimbilia kununua kwanza mara nyingi ni yule ambaye tayari anabana matumizi, na utajisifia ubahili wake. Kila asubuhi saa ileile pima makala yaliyopo, kwa siku tatu mfululizo zisizo za sherehe, na uandike waliokula. Kaya ya watu 7 inayotumia kilo 2.1 ni gramu 300 kwa mtu. Wakija wageni watatu na matumizi yakafika kilo 2.5, ni gramu 250 kwa mtu, ingawa gunia limeisha mapema zaidi.

Makosa yako sehemu tatu. Makala yaliyonyeshewa hubeba uzito wa maji, basi yaanike kabla ya kupima. Vipande vilivyozimwa kwa mchanga na kurudishwa guniani visihesabiwe kama makala mapya. La tatu ndilo baya zaidi: watu hutumia mbabula mpya vizuri wakijua unakuja. Huko Odisha, India, kaya zipatazo 2,600 zilifuatiliwa hadi miaka minne baada ya kupewa majiko bora. Moshi walioupumua wapishi ulipungua mwaka wa kwanza, kisha tofauti ikafutika, kwa kuwa majiko yalivunjika, hayakutengenezwa, na yakaachwa pembeni.

Kwa hiyo rudi baada ya miezi sita bila kutoa taarifa. Usiulize kama wanaipenda, watakujibu ndiyo kwa adabu. Angalia ipi kati ya mbabula mbili ina majivu ya moto. Ikiwa ya zamani ndiyo yenye majivu, uliza jana walipika nini. Mara nyingi utasikia maharage: sufuria kubwa, saa tatu motoni, na kwenye mbabula yako inayumba kwa sababu vishikio vitatu vimekaribiana mno. Toa futi, pima upana wa kitako cha sufuria, na uende nao kwa fundi wa chuma kabla hajakata bati la mbabula zinazofuata.