Sauti ya baba yake Simba huko Hispania: dhana potofu na ukweli

Mtoto wa Hispania aliyekwenda sinema mwaka 1994 kuwatazama Simba na Rafiki katika The Lion King hakumsikia James Earl Jones, sauti ya Kiingereza ya Mufasa, baba yake Simba. Mufasa huyo alimjia kwa Kihispania, kwa sauti ya Constantino Romero, ambaye wazazi wa mtoto huyo walikwisha kumzoea redioni na kwenye televisheni. Kazi ya watu kama Romero, ya kuingiza sauti za lugha nyingine katika filamu, imezungukwa na maneno mengi yasiyo kweli, na yananiuma kwa sababu yanaishusha hadhi.

"Ukijaliwa sauti nzito, umemaliza."

Sauti ya Romero ilikuwa nzito, hilo halina ubishi. Lakini uzito wa koo peke yake haumfikishi mtu popote studioni. Filamu hukatwa vipande vifupi vya mistari michache. Mwigizaji husimama mbele ya karatasi zake, hutazama kipande, hujaribu, kisha hurekodi. Lazima aanze midomo ya kwenye skrini inapofunguka, anyamaze inapofungwa, na avute pumzi pale mwenye sura anapoivuta. Kabla yake kuna mtu aliyekwisha kuyalinganisha maneno na midomo: ikikutana, Kihispania nacho kinatafutiwa m, b au p papo hapo. Mara nyingi anayejibizana naye hayupo chumbani, sauti yake itarekodiwa siku nyingine.

Katika hali hiyo Romero alikuwa Darth Vader wa Star Wars, akawa sauti ya mwigizaji Clint Eastwood, akawa Roy Batty anayekufa mvuani katika Blade Runner. Msikilize Batty, kisha msikilize Vader. Koo ni moja, watu ni wawili.

Na kama koo ndilo linaloamua yote, Matilde Vilariño tungemweka wapi? Mwanamke mtu mzima, redioni alikuwa Periquín, mtoto mtundu wa kipindi cha Matilde, Perico y Periquín. Filamu ya Marcelino pan y vino ilipotoka mwaka 1955, sauti ya Marcelino, yule mvulana mdogo, ilikuwa yake.

"Ni kama DJ Afro."

Sivyo. DJ wetu hubeba filamu nzima peke yake, husimulia, huongeza chumvi, na tunampenda kwa hilo. Huko Hispania wahusika hugawiwa waigizaji mbalimbali, na sauti za waigizaji wa asili huondolewa kabisa. Kinachokaribiana na kazi hiyo zaidi ni zile tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili.

"Mtangazaji wa redio anahamia tu."

Romero alianzia redioni Barcelona miaka ya 1960, akaongoza pia shindano la maswali la El tiempo es oro kwenye televisheni ya taifa. Ila mtangazaji huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Anayeingiza sauti hufuata mwendo wa mtu mwingine, na msikilizaji asimtambue anapofuata.

"Franco, dikteta wa Hispania, ndiye aliyeuleta uingizaji sauti."

Studio za kazi hiyo zilikuwepo Barcelona na Madrid mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla hajashika madaraka. Alichofanya utawala wake, kwa amri ya Aprili 1941, ni kulazimisha filamu za kigeni zisemwe Kihispania. Amri hiyo iliwapa wadhibiti wa filamu kisu kikali. Mfano wake umetugusa hata sisi: Mogambo ya John Ford, iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda. Ili kumwondolea mke aibu ya kumpenda mwanamume mwingine, yeye na mumewe waligeuzwa kuwa kaka na dada! Watazamaji wakabaki wakiwashangaa ndugu wanaotazamana kwa namna ile.

Si kila badiliko lilikuwa la hila. Katika Terminator 2, Schwarzenegger anasema "Hasta la vista, baby". Kwa Mhispania hayo ni maneno ya kila siku, hayana ugeni wowote. Kwa hiyo Romero, aliyemwingizia sauti, alisema "Sayonara, baby", kwaheri ya Kijapani, na ladha ya kigeni ikarudi.

"Sauti ya nyota ni ya mtu mmoja milele."

Hakuna sheria hiyo, ni mazoea tu na uamuzi wa wanaoandaa filamu. Hata Schwarzenegger amepata zaidi ya sauti moja huko. Romero alitangaza kustaafu Desemba 2012. Tarehe 12 Mei 2013 alifariki Barcelona, akiwa na umri wa miaka 65, kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli. Eastwood alipotokea tena katika The Mule mwaka 2018, sinema za Hispania zilimsikia kwa koo la mtu mwingine.