"Ni chango tu hilo": tunavyodanganyana kuhusu tumbo la mtoto

Mtoto akilia huku kakunja miguu, jibu la kwanza nyumbani ni chango, mpe dawa atatulia. Na mara nyingi anatulia kweli, ndo maana watu hawashtuki siku utumbo umeingia ndani ya utumbo mwenzake, kama mkono wa sweta ukiuvua vibaya. Hii inawapata sana watoto wa miezi 4 hadi 10, na wengi walikuwa wazima kabisa, wamenenepa. Analia ghafla kwa nguvu, anavuta magoti tumboni, anapauka, halafu ananyamaza, pengine analala, bibi anasema si mnaona, dawa imefanya kazi. Baada ya dakika 15 au 20 kilio kinaanza tena. Kutulia katikati ndo ugonjwa wenyewe ulivyo jamani, sio kupona.

"Lakini kapata choo, hajaziba." Kinyesi kilichokuwa chini ya sehemu iliyoziba kinatoka kama kawaida. Baadaye ndo inakuja damu yenye makamasi, watu wanasema kuhara damu wanakimbilia duka la dawa kununua ya amiba, wakati damu hiyo mara nyingi ni dalili ya kuchelewa.

"Matapishi ya kijani ni nyongo tu, ikitoka yote atapona." Hapa ndo naogopa zaidi. Kichanga akitapika kijani, daktari anaichukulia kama dharura ya upasuaji mpaka ithibitike vinginevyo, maana utumbo unaweza kuwa umejisokota na kubana mishipa yake ya damu, ukafa ndani ya masaa machache. Usimkate kimeo, usimpe majani, na ile khanga aliyotapikia usiifue, nenda nayo daktari aone rangi kwa macho yake.

"Mpige bomba, utafunguka." Bomba la nyumbani, ile sabuni au mitishamba inayoingizwa kwa nyuma, linaweza kumuunguza au kumtoboa utumbo. Hospitali wanayo njia inayofanana kidogo, wanaingiza hewa au maji kwa nyuma huku wanaangalia kwenye eksirei au ultrasaundi, utumbo ulioingia ndani ya mwenzake unarudi bila kisu, ila hiyo ni kwa aliyewahi na hospitali yenye vifaa, huku kwetu wengi wanaishia kupasuliwa.

Kuhusu choo kukosa, wa miezi miwili anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa na asiwe na shida, mradi ananyonya vizuri, hatapiki na tumbo ni laini. Aliyezaliwa juzi ni habari nyingine. Kile choo cheusi cha kwanza kikipita masaa 24 bila kutoka, mwambie nesi, na kikipita 48 lazima achunguzwe, kuna watoto wanazaliwa na sehemu ya utumbo isiyo na neva za kusukuma.

Na wale wanaosema chanjo ya rota, ile ya kuzuia kuhara, ndo inafanya utumbo uingie ndani ya mwenzake, kulikuwa na chanjo ya zamani iliyoondolewa Marekani mwaka 1999 kwa sababu hiyo kweli, lakini iliyokuja baadaye, Rotarix, ilifuatiliwa kwenye nchi 7 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, na majibu yaliyotoka 2018 hayakuonyesha hatari kuongezeka.