Boksi la sabufa "limetyuniwa": maana yake hasa

Muulize fundi yeyote wa redio za magari hapa Uganda, awe Ndeeba au Arua, boksi lake la sabufa, yaani spika ya besi, limetyuniwa ngapi. Mmoja atakuonyesha kitufe cha amplifaya. Wa pili atapiga kofi ubavuni mwa boksi akuambie, "Hili ni kubwa, bosi, linashuka chini kabisa." Wa tatu, na huyu ndiye anayenimaliza, atakuonyesha kwa fahari bomba la pili alilotoboa jana kwa sababu mwenye taksi alitaka besi iongezwe. Swali lilikuwa linataka namba, na namba haikutoka.

Maana yenyewe ni fupi. Boksi lenye bomba, yaani neli ya kupitishia hewa nje, lina masafa yake, yanayopimwa kwa Hz (mitikisiko kwa sekunde), ambapo hewa iliyo ndani ya bomba na hewa iliyofungiwa ndani ya boksi hutikisika pamoja kwa nguvu kuliko kwingine kote. Masafa hayo ndiyo tyuni. Yanaamuliwa na vitu vitatu: ujazo wa hewa ndani ya boksi, eneo la mdomo wa bomba, na urefu wa bomba. Spika haimo kwenye hesabu hiyo. Amplifaya ndiyo haimo kabisa.

Ukitaka kuisikia, pulizia juu ya mdomo wa chupa ya soda iliyo tupu. Hewa ya shingoni inafanya kazi ya uzito, hewa ya tumboni inafanya kazi ya springi, na chupa inatoa sauti yake moja. Jaza maji nusu, sauti inapanda, kwa kuwa ujazo umepungua na springi imekaza. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliyachambua haya katika karne ya 19. Mwaka 1932 Albert Thuras wa Bell Labs, Marekani, alipata hataza ya kuifungia spika boksi lenye tundu la namna hii. Kwa hiyo jambo lenyewe si la juzi, wala si siri ya viwanda.

Tuanze na kitufe, maana hicho ni chepesi. Kitufe kilichoandikwa LPF kinaamua sabufa iachie wapi upande wa juu, tuseme 80 Hz, ili isianze kuimba sauti ya mwimbaji. Kile cha kuongeza besi kinapandisha nguvu ya umeme kwenye masafa fulani, basi. Uvizungushe usiku kucha, hewa iliyomo ndani ya bomba haina habari navyo. Boksi lililokatwa kwa 42 Hz litabaki la 42 Hz.

La ukubwa lina ukweli ndani yake, ndiyo maana halifi. Bomba likibaki lilelile na boksi likikua, tyuni inashuka kweli, lakini inashuka kwa uvivu: ukiongeza ujazo mara mbili, 40 Hz inakuwa 28, haiwi 20. Halafu boksi dogo lenye bomba refu linaweza kushuka chini kuliko boksi kubwa lenye tundu fupi. Kwa hiyo mtu akikuambia boksi ni kubwa, hajakuambia limetyuniwa wapi. Ukubwa una kazi yake nyingine, ya kupatana na spika yenyewe, na hapo ndipo zinapoingia namba za tabia ya spika, zilizoandikwa Fs, Qts na Vas, zinazokuja kwenye karatasi ndani ya kartoni ya spika, ile karatasi inayotupwa kwanza. Kwa namba hizo tuna deni kwa Neville Thiele, Mwaustralia aliyechapisha hesabu zake mwaka 1961, na Richard Small aliyeziendeleza miaka ya 1970. Karatasi hiyo ndiyo inayokuambia spika yako inataka lita ngapi, na kama inafaa boksi lenye bomba au afadhali uifungie kabisa.

Sasa lita. Hapa ndipo hesabu nyingi za mtaani zinapovunjika kabla hata msumeno haujawashwa. Chukua boksi la spika ya inchi 12 ambalo nje lina sentimita 60 kwa 40 kwa 38. Zidisha, unapata lita 91, na wengi wanaishia hapo. Lakini ubao wa MDF wa milimita 18 unakula sentimita 3.6 katika kila upande wa hesabu. Ndani kunabaki 56.4 kwa 36.4 kwa 34.4, yaani lita 70.6. Lita ishirini zimekwenda kwenye mbao, na hujaingiza kitu. Ingiza sumaku na kikapu cha spika, toa kama lita 3. Mbao za kukaza ubavu zisitetemeke, toa 2. Bomba lenyewe, kwa unene wake wa nje, toa 2 na nusu. Umebaki na lita 63. Hizo ndizo za kuingia kwenye hesabu. Karatasi nyingi za spika za Marekani zinaandika futi za ujazo; futi moja ni lita 28.3, na zinamaanisha ujazo wa ndani, ukishatoa vyote hivyo.

Kanuni ya bomba si ngumu. Chukua 30,000, zidisha kwa eneo la mdomo wa bomba kwa sentimita za mraba. Gawanya kwa lita. Kisha gawanya kwa masafa unayoyataka, na jibu ligawanye tena kwa masafa hayohayo. Unachopata ni urefu unaosikika na hewa, siyo wa kukata, kwa sababu hewa iliyo nje kidogo ya midomo yote miwili inatikisika pamoja na ya ndani. Kwa hiyo toa robo tatu ya kipenyo, au kwa usahihi zaidi 0.73 yake. Bomba la maji machafu la inchi nne linalouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi lina kipenyo cha ndani karibu sentimita 10.4, eneo lake ni 85. Kwa lita 63 na 35 Hz inatoka 33, toa 7.6, kata sentimita 25 na kidogo.

Angalia sasa aliyetumia lita 91. Kwake hesabu inasema akate sentimita 15. Atakata vizuri, atapaka gundi, atafunika kapeti, na atamwambia mteja hili ni la 35. Boksi lenyewe litaimba karibu 42. Hajadanganya kwa makusudi, ila aliyelipia 35 hakuipata.

(Wako wanaosema boksi la Kampala likipelekwa Kabale, kule milimani, linaharibika tyuni kwa sababu ya mwinuko. Mwinuko hauhusiki. Mwendo wa sauti hewani unafuata joto, na kutoka mchana wa Kampala hadi usiku wa baridi wa Kabale tofauti kwa boksi la 35 ni kama Hz 1 tu. Lawama zirudi kwenye futikamba.)

Nimefika kwa bomba la pili. Sababu ya kulitaka mara nyingi ni ya haki: bomba moja la inchi nne likibeba spika ya inchi 12 yenye nguvu, hewa inapita kwa kasi mno na unasikia inapuliza, fuu, fuu, juu ya besi. Eneo la mdomo halitoshi. Basi fundi anatoboa tundu jingine, anakata bomba jingine la sentimita 25 zilezile, anasikiliza, mpigo umekuwa mkali, kila mtu anafurahi. Kilichotokea ni kwamba eneo limekuwa mara mbili na urefu haukuguswa, kwa hiyo tyuni imeruka kutoka 35 hadi karibu 50. Ngoma inayopiga karibu na 50 inasikika kwa kishindo zaidi, ndiyo maana wanaapa kuwa besi imeongezeka. Iliyoongezeka ni ya hapo tu. Waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukiachiwa wazi, unapiga 41 Hz. Huo umeachwa chini ya tyuni.

Na chini ya tyuni ndiko spika zinakofia. Kwenye masafa ya tyuni hewa ya bomba inaishika karatasi ya spika (siyo ile ya namba, bali koni inayocheza), hata inakaribia kusimama huku sauti kubwa ikitokea kwenye bomba. Ukishuka chini ya hapo, bomba linageuka tundu tu la kuvujia hewa. Hakuna tena kinachoikaza karatasi kutoka nyuma; inatupwa mbele na nyuma kama haina boksi kabisa, koili inagonga, na sauti yenyewe inaporomoka haraka zaidi kuliko ya boksi lililofungwa. Mwenye taksi akisikia besi imepungua anaongeza nguvu. Wiki inayofuata yuko dukani kulalamika kuwa spika ni feki. Kama amplifaya ina kichujio cha kuzuia masafa ya chini sana, kiwekwe chini kidogo ya tyuni, tuseme 30 kwa boksi la 35. Lakini huwezi kukiweka kama hujui tyuni yenyewe iko wapi.

Kuijua hakuhitaji mashine. Pakua kwenye simu programu ya kutoa toni, iunganishe na redio, zima kitufe cha kuongeza besi, weka sauti ya wastani. Anza na 60 Hz, ushuke moja moja, huku ncha ya kidole ikigusa kidogo sana katikati ya karatasi ya spika. Itatetemeka, itatetemeka, kisha kuna mahali itatulia karibu kabisa, na mkono mwingine ulio mbele ya bomba utasikia hewa ikisukuma kwa nguvu. Hapo ndipo boksi limetyuniwa. Ukiendelea kushuka, karatasi inaanza tena kucheza kwa fujo, usikae huko.

Wenzangu wa kazi, sisemi boksi la 50 ni kosa. Kuna wateja ambao hiyo ndiyo raha yao, na kwenye taksi iliyojaa abiria inasikika kuliko la 35. Naomba tu mteja akiuliza, ajibiwe kwa namba mbili, lita za ndani na Hz, na ziandikwe kwa kalamu chini ya boksi pale kapeti lisipofika. Anayetaka mabomba mawili na bado anataka 35, mwambieni hesabu inasema nini: mabomba yanakula ujazo, ujazo ukipungua yanadai urefu zaidi, na mwisho kila moja linafika karibu sentimita 73, ndani ya boksi ambalo upande wake mrefu kwa ndani ni 56. Yatahitaji kona, au boksi lingine kubwa zaidi, na bei yake ni nyingine.