Foili ya paa haihitaji kutazama jua

Wengi huamini kwamba upande unaong'aa wa foili ya kuzuia joto (karatasi nyembamba ya alumini inayowekwa chini ya bati) lazima utazame juu, kwenye bati. Si lazima. Metali ing'aayo hurudisha mnunurisho wa joto, yaani joto linalosafiri kama miale, na vilevile yenyewe ikipata moto hutoa mnunurisho kidogo sana. Kwa hiyo upande huo ukielekea chini, darini, hufanya kazi vizuri, tena bora zaidi, maana ukitazama juu vumbi hutua juu yake na kuua mng'ao. Kinachohitajika kweli ni nafasi ya hewa mbele ya mng'ao huo, walau milimita 25. Foili iliyobanwa kati ya bati na mbao hupitisha joto kwa kugusana, na hapo pesa ya mwenye nyumba imepotea bure. Mwambieni fundi kabla hajapigilia misumari.