Je, wajua kwa nini upasuaji huahirishwa asubuhi ya siku yenyewe?

Upasuaji wa kupangwa, kama wa ngiri, goita au uvimbe wa kizazi, unaweza kuahirishwa mgonjwa akiwa ameshalazwa na jina lake liko kwenye orodha. Zipo sababu ambazo yeye hana la kufanya: mama aliyekwama kwenye uchungu analetwa kwa dharura na meza ya upasuaji ni moja tu, au oksijeni imepungua. Lakini nyingi nyingine zilikuwapo wiki mbili kabla, na zingeonekana kama mtu angeuliza mapema.

Tuanze na tumbo. Nusukaputi, yaani dawa ya usingizi, hulegeza misuli na kuzima ule mkohoo unaozuia kitu kupita njia ya hewa. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu, pamoja na asidi yake. Daktari Mmarekani Curtis Mendelson alieleza hatari hii mwaka 1946, alipochunguza akina mama waliopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi akisikia mgonjwa amekula, hatakubali kuendelea, isipokuwa kwa dharura.

Kosa kubwa liko kwenye maelekezo. Mgonjwa anaambiwa "usile", naye hali; anakunywa kikombe cha chai ya maziwa na ndugu zake wanaapa kwamba hajala kitu. Maziwa tumboni huhesabiwa kama chakula, na bushera (kinywaji cha unga wa mtama au ulezi) au uji vivyo hivyo. Tuseme upasuaji ni saa mbili asubuhi. Nyama, vyakula vya kukaanga na mlo mzito mwisho ni saa sita usiku, yaani muda wa saa 8 kabla. Uji, mkate mkavu au maziwa ya ng'ombe mwisho saa nane usiku, muda wa saa 6 kabla. Mtoto anayenyonya anaweza kunyonya hadi saa kumi alfajiri. Maji matupu au chai ya rangi isiyo na maziwa, hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nesi asiulize "umekula?" Aulize: kitu cha mwisho kupita mdomoni ni nini, na ilikuwa saa ngapi?

Kufunga kupita kiasi nako kuna madhara. Mtoto aliyeachwa bila hata maji tangu jioni, kisha zamu yake ikafika alasiri, huishiwa maji na sukari yake inaweza kushuka. Watoto na wenye kisukari wawekwe mwanzo wa orodha.

Presha na damu haziwezi kurekebishwa usiku mmoja, na hapa ndipo muda unapohitajika zaidi. Presha ikipimwa tena na tena ikabaki 180/110 au zaidi, upasuaji usio wa haraka kwa kawaida husogezwa mbele, na dawa huhitaji wiki kadhaa kuituliza. Upungufu wa damu, ambao huku kwetu Uganda mara nyingi huletwa na malaria, minyoo au hedhi nzito, hutibiwa kwanza kwenye chanzo chake, pamoja na vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo visimezwe na chai, kwa kuwa chai huzuia mwili kuvifyonza. Maji au juisi ya chungwa ni bora. Inafaa basi wingi wa damu upimwe siku ile ile upasuaji unapoamuliwa. Kama damu ya kuongezwa itahitajika, sampuli ipelekwe maabara mapema. Wachangiaji wengi wa damu Uganda ni wanafunzi, hivyo wakati wa likizo akiba hupungua.

Kuhusu dawa, njoo nazo zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba, maana baadhi huongeza kutokwa damu. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, kwa amri ya daktari tu. Dawa nyingi za presha humezwa asubuhi hiyo kwa funda moja la maji, lakini si zote: losartani na kaptoprili mara nyingi huachwa. Za kisukari zina mpangilio wake, kwani kumeza kidonge cha kushusha sukari huku umefunga ni hatari. Uliza moja moja, na majibu yaandikwe kwenye karatasi.

Mtoto mwenye kikohozi cha makohozi au homa husubiri wiki 2 hivi baada ya kupona, kwa kuwa njia yake ya hewa hubana kirahisi akiwa usingizini. Rangi ya kucha na hina ya vidoleni ziondolewe, maana zinaweza kuvuruga kifaa kinachosoma oksijeni kidoleni. Oga kwa sabuni, na usinyoe kwa wembe nyumbani: mikwaruzo hukaribisha vijidudu.

Mgonjwa akiwa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi anayeweza kutia sahihi awepo mwenyewe. Bibi aliyemsindikiza huenda asikubaliwe. Hospitali nayo ichukue namba mbili za simu, ya mgonjwa na ya ndugu, ipige siku moja kabla: ana homa? amepata nauli? amekumbuka saa ya mwisho ya kula? Akisema hawezi kuja, bado kuna muda wa kumwita mwingine aliye karibu, ambaye vipimo vyake vimekamilika.